4,294,967,297: namba iliyomponza Fermat

Ukiiangalia juu juu, utaapa kwamba ni namba tasa. Ni witiri, inaishia na 7, tarakimu zake zikijumlishwa ni 59, kwa hiyo 3 haiigawi. Jaribu 7, 11, 13: zote zinabakiza.

Dhana potofu: kanuni ikikubali mara tano, itakubali siku zote.

Hapa aliyejikwaa si mtu wa kawaida. Mwaka 1640 mwanahisabati Mfaransa Pierre de Fermat alichukua 2, akaipandisha kwa vipeo 1, 2, 4, 8 na 16, kisha kila jibu akaliongezea 1. Akapata 3, 5, 17, 257 na 65,537, zote tasa. Inayofuata, kwa kipeo cha 32, ndiyo hii yetu. Fermat aliamini nayo ni tasa, pamoja na zote zitakazofuata, ingawa uthibitisho hakuwa nao. Mwaka 1732 mwanahisabati Leonhard Euler akaipasua: 641 × 6,700,417. Mpaka leo, baada ya zile tano, hakuna namba tasa nyingine iliyopatikana katika mfululizo huo.

Dhana potofu: kumpata 641 kunahitaji kujaribu maelfu ya namba.

Wapo wanaodhani ni lazima ujaribu hadi nusu ya namba. Hapana. Unaishia kwenye kipeuo cha pili, hapa kidogo tu juu ya 65,536, na unajaribu namba tasa peke yake: ziko 6,542. Bado ni kazi ya kuchosha. Lakini Euler alithibitisha kwamba kigawo tasa chochote cha namba hii, kikigawanywa kwa 64, lazima kibakize 1. Sasa foleni inakuwa fupi ajabu: 193, 257, 449, 577, 641. Ya tano tu, umemaliza!

Dhana potofu: namba kubwa ina vigawo vingi.

60 ina vigawo 12. Hii ina vinne: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe. Vitatu vya kwanza vikijumlishwa ni 6,701,059, hata asilimia moja yake havifiki. Ni namba pungufu kupindukia, yaani jumla ya vigawo vyake vingine iko chini yake mno, wakati 6 na 28 ni namba kamilifu: kwao jumla hiyo ni sawa na namba yenyewe.

Dhana potofu: ikifaulu jaribio la Fermat, ni tasa.

Hii ndiyo ninayoipenda kuliko zote. Fermat mwenyewe aligundua kwamba ukiwa na namba tasa p, isiyo 2, basi 2 kwa kipeo cha p−1 ikigawanywa kwa p hubakiza 1. Namba yetu inalifaulu jaribio hilo bila shida, na tasa siyo. Weka 3 mahali pa 2 uone: salio ni 3,029,026,160, si 1. Kuipata kwa mkono ni kuzidisha namba kwa yenyewe mara 32, ukichukua salio kila hatua. Kazi ya kuumiza kichwa, lakini ingemuumbua papo hapo.

Wengine huichanganya na idadi ya anwani za intaneti za mfumo wa IPv4. Hizo ni 4,294,967,296, pungufu kwa moja.

Shuka moja tena, 4,294,967,295, nayo ni 3 × 5 × 17 × 257 × 65,537, yaani zile tasa tano za Fermat zimezidishwa pamoja. Umbo lenye pande sawa na pembe sawa kwa idadi hiyo linaweza, kinadharia, kuchorwa kwa rula na bikari. La pande 4,294,967,297 haliwezekani.