Akwifa si mto wa chini ya ardhi

Akwifa ni tabaka la mchanga, changarawe au mwamba wenye nyufa, lililojaa maji na linaloyapitisha kwa wingi wa kutosha kulisha kisima. Maelezo hayo yangetosha, lau kila kemikali zinapomwagika kiwandani tusingeambiwa kwamba sumu imeingia katika "mto unaopita chini ya kiwanda".

Neno lenyewe limeundwa kwa Kilatini, aqua likiwa maji na ferre likiwa kubeba. Akwifa basi ni kile kinachobeba, yaani mchanga na jiwe. Kinachobebwa kina jina lake, maji ya ardhini. Wapo pia wanaoiita chemchemi, na hao nawasamehe upesi, kwa kuwa chemchemi ni pale maji hayohayo yanapobubujika juu ya ardhi. Wa mto hawana udhuru, labda wawe wanazungumzia mapango ya mawe ya chokaa, ambamo maji hutiririka kweli.

Mchanga unaotolewa kisima kinapochimbwa huwa na punje zilizobanana, zikimetameta kwa unyevu, na uwazi kati ya punje na punje ni mdogo kuliko punje zenyewe. Humo ndimo maji yanamojipenyeza. Mwaka 1856 mhandisi Mfaransa Henry Darcy alichapisha majaribio aliyoyafanya Dijon kwa kupitisha maji katika bomba la wima lenye mchanga, akaonyesha kwamba kasi hutegemea tofauti ya kimo cha maji, urefu wa njia, na wepesi wa mchanga wenyewe kupitisha maji. Mteremko ukiwa mdogo, mwendo katika mchanga mara nyingi ni wa sentimita kadhaa kwa siku. Katika mfinyanzi, ambao una nafasi nyingi lakini finyu mno, maji huweza kumaliza mwaka bila kufika umbali huo.

Ndiyo maana neno mto linapotosha: linamfanya msikilizaji adhani uchafu umekwisha kuchukuliwa mbali, ilhali petroli ingali ikielea juu ya maji hapohapo, na viyeyushi vya klorini vya kuondolea grisi vimezama hadi kwenye mfinyanzi, vikifuata mteremko wa tabaka hilo hata pale maji yanapoelekea kwingine.

Anayetaka kuandika habari hiyo na aseme tu kwamba sumu imefikia maji ya ardhini, kisha aulize yanaelekea wapi. Jibu lake huhitaji angalau visima vitatu visivyo katika mstari mmoja, kila kimoja kikiwa kimepimwa kimo cha maji.