Kutoka Mkonge hadi Korosho: Tanzania na Gharama ya Kuuza Mali Ghafi

Mwaka 1893 Mjerumani Richard Hindorf aliagiza miche 1,000 ya mkonge kutoka Florida, Marekani, na iliyofika hai katika pwani yetu ilikuwa 62 tu. Kutokana na miche hiyo yalienea mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro, hata mwanzoni mwa miaka ya 1960 Tanganyika ikawa inaongoza duniani, ikizalisha zaidi ya tani 200,000 kwa mwaka kwa jasho la manamba waliotolewa mikoa ya mbali. Sehemu kubwa ya singa hizo iliondoka bandarini ikiwa ghafi, na kamba zikasokotwa ng'ambo.

Nyuzi za plastiki zilipoingia sokoni, bei iliporomoka. Wengi hulaumu utaifishaji uliofuata Azimio la Arusha la 1967, na ni kweli kwamba uendeshaji wa mashirika ya umma uliudhoofisha mkonge. Lakini bei ilikuwa imeanza kushuka kabla ya Azimio, na hesabu ya haki haiwezi kuliacha hilo.

Korosho ina kisa kinachoumiza zaidi. Katikati ya miaka ya 1970 wakulima wa Mtwara na Lindi walihamishiwa katika vijiji vya ujamaa, wengi mbali na mikorosho yao, ikabaki bila kupaliliwa. Wakati huohuo serikali ilikuwa ikijenga kwa mikopo viwanda vya kubangua, ambavyo baadaye vilikosa korosho za kutosha huku deni likibaki palepale. Vyama vikuu vya ushirika vilivunjwa mwaka 1976, kisha ikaja Vita vya Kagera; na mwaka 1986 nchi ikakubaliana na Shirika la Fedha la Kimataifa kulegeza masharti ya biashara. Uzalishaji umefufuka tangu wakati huo, ila korosho nyingi bado husafirishwa India na Vietnam zikiwa na maganda.

Sensa ya 2022 ilihesabu watu milioni 61.7, kutoka milioni 44.9 mwaka 2012, na vijana miongoni mwao wanahitaji kazi. Umeme wa Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ni msaada mkubwa kwa viwanda, lakini kwa maoni yangu kikwazo kikuu cha ubanguaji ni mtaji. Korosho huuzwa mnadani katika miezi michache ya msimu, na mbanguaji wa ndani hulazimika kununua akiba ya mwaka mzima kwa mkopo wa riba kubwa, akishindana na mnunuzi wa nje anayekopa kwa nafuu. Mkopo wa msimu wenye riba ya chini, unaolipwa kadiri korosho zilizobanguliwa zinavyouzwa, ungempa nafasi ya kubaki mnadani hadi mwisho.