Nishati jadidifu ndani ya kazi za kampuni: maana yake ni nini?

Usiku wa Naivasha, Kenya, baridi hushuka na unyevu hupanda. Kwa mkulima wa mawaridi adui ni huo unyevu: ukipita asilimia 85 ndani ya kitalu nyumba, ukungu huanza kushika petali, na waridi lenye madoa haliuziki Ulaya. Wengi hupuliza dawa, au huchoma mafuta ili kupasha vitalu joto. Shamba la Oserian, kusini mwa Ziwa Naivasha, lilichukua njia nyingine. Mwaka 2003 lilianza kutumia kisima cha mvuke wa ardhini cha KenGen, kampuni ya kuzalisha umeme, pale Olkaria, ambacho nguvu yake haikutosha kuendesha mtambo mkubwa wa umeme. Mvuke hupasha maji, maji hupita kwenye mabomba ndani ya vitalu, hewa inakauka, na haja ya dawa za ukungu inapungua. Hata gesi ya kaboni dayoksaidi inayopanda na mvuke hupelekwa kwenye mimea, ambayo huihitaji ili ikue.

Hapo hakuna idara ya mazingira inayojitegemea pembeni. Funga bomba lile, na ratiba ya kupuliza dawa, gharama ya kila ua na ubora wa mzigo unaopelekwa uwanja wa ndege vyote vinabadilika usiku huo huo. Hiyo ndiyo maana ya kuingiza uendelevu katika shughuli za biashara, na kwa kipimo hicho kampuni nyingi zinazojitangaza hazijafika.

Turudi kwenye dhana yenyewe. Nishati jadidifu hutoka kwenye chanzo kinachojijaza kwa kasi isiyopungua ile tunayokitumia: jua, upepo, maji ya mto, joto la ardhini, mimea. Suala la kasi ndilo husahaulika. Kuni ni nishati jadidifu iwapo miti inakua kwa mwendo ule ule inaokatwa. Ikikatwa haraka zaidi, msitu unaliwa mpaka uishe. Hata mvuke wa Olkaria hutunzwa kwa kurudisha maji ardhini kupitia visima maalumu, kwa sababu ukivutwa tu bila kurudishiwa nguvu yake hushuka.

Ukuaji wa nishati hii duniani ni wa kasi kweli. Mwaka 2023 peke yake uliongezeka uwezo wa kuzalisha umeme wa takriban gigawati 473, nyingi zikiwa za jua, na mwishoni mwa mwaka huo, kwenye mkutano wa tabianchi wa COP28 huko Dubai, nchi zilikubaliana kulenga uwezo wa nishati jadidifu duniani uwe mara tatu ifikapo 2030. Sababu kubwa ni bei: paneli za sola zilishuka kwa takriban asilimia 90 kati ya 2010 na 2020. Sehemu ya Afrika katika ongezeko hilo bado ni ndogo mno. Lakini kwetu jambo hili si geni. Huko Katanga, Kongo, mwaka 1952, kampuni ya madini iliendesha mtambo mdogo wa jotoardhi (umeme wa joto la ardhini) pale Kiabukwa, wa kilowati 200 hivi. Olkaria iliwasha mashine yake ya kwanza, megawati 15, mwaka 1981, na leo jotoardhi huipa Kenya zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake. Tanzania nayo ina Bwawa la Julius Nyerere kwenye Mto Rufiji, lenye uwezo wa megawati 2,115.

Neno hilo "uwezo" lisikupite. Megawati husema mtambo unaweza kutoa kiasi gani kwa wakati mmoja. Umeme uliotumika huhesabiwa kwa yuniti, yaani kilowati-saa: kilowati moja ikitumika kwa saa moja. Mitambo ya upepo ya Turkana ina megawati 310, lakini upepo hauvumi kwa nguvu moja saa zote. Vivyo hivyo kiwanda kinachosema "tumefunga kilowati 500 za sola" hakijakuambia ni yuniti ngapi kati ya zile kinazotumia zinatoka juu ya paa lake, wala nani anakipa umeme saa mbili usiku.

Na usiku ndio wenye kisa kizuri zaidi. Visima vya mvuke haviwashwi na kuzimwa kama taa. Watu wa Kenya wanapolala, mahitaji hushuka, na mvuke mwingine huachiwa hewani bure. Desemba 2017 nchi hiyo ilianzisha bei ya usiku kwa viwanda: ukivuka kiwango chako cha kawaida, yuniti za ziada katika saa hizo hulipiwa nusu. Kwa hiyo kiwanda cha plastiki kinachohamishia zamu moja usiku huenda kikatumia umeme safi ambao ungepotea, bila kununua hata paneli moja. Ila uamuzi huo hauko kwa fundi umeme peke yake. Anayeajiri lazima akubali kulipa posho ya usiku, mtu apange usafiri wa wafanyakazi wa kike saa saba za usiku, ulinzi uongezwe, na mhasibu apime kama punguzo linafidia hayo yote. Kupanda miti siku ya mazingira ni rahisi zaidi, nadhani ndiyo sababu picha zake ni nyingi.

Viwanda vya chai vinatufundisha jambo jingine: umeme si nishati yote. Mufindi, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, mtambo wa maji wa Mwenga wenye megawati 4 ulianza kazi mwaka 2012 ukihudumia sekta ya chai na vijiji vya jirani. Ni kazi nzuri. Lakini chai hutumia joto kuliko umeme, kwa mbali: majani hunyaushwa na kukaushwa kwa mvuke wa boila, na viwanda vingi vya chai Afrika Mashariki hulisha boila hizo kuni. Kampuni ikijisifu kwa umeme wa maji huku kuni ikizinunua kwa dalali asiyejulikana alikokata, imeshughulikia sehemu ndogo ya tatizo. Ningependa kuuliza meneja wa kiwanda swali moja tu: kilo moja ya chai kavu inakula kuni kiasi gani, na mikaratusi ya kuzifidia iko shamba lipi? Mwenye jibu mdomoni ameshaiingiza nishati katika kazi yake ya kila siku.

Ripoti zina nafasi yake. Juni 2023 zilitolewa kanuni za kimataifa za kuripoti uendelevu, IFRS S1 na S2, ambazo zinataka taarifa hizi zisomwe pamoja na hesabu za fedha. Ni hatua nzuri kwa mwenye mtaji, lakini ripoti huandikwa baada ya kuni kuungua.

Mipaka nayo ipo: nishati safi iliyofungwa kwenye kazi kuu huanguka nayo, na Mumias, magharibi mwa Kenya, inaonyesha hilo kwa uchungu. Kiwanda hicho cha sukari kilijenga mtambo wa megawati 38 unaochoma makapi ya miwa, ukatosheleza mahitaji yake na kuuza megawati 26 kwenye gridi. Kwenye karatasi ni mfano wa kupigiwa makofi: taka ya kazi kuu ikawa bidhaa ya pili. Kisha miwa ikapungua, madeni yakarundikana, na uuzaji wa umeme ukasimama. Mwaka 2019 benki iliyokuwa ikiidai kampuni iliweka msimamizi wake.