Mahiwa mezani: kutengeneza askari na wapagazi wa 1917

Kinachomtofautisha askari wa Kiafrika wa Mahiwa, mapigano ya Wajerumani na Waingereza ya Oktoba 1917 huku Lindi, na mwanajeshi wa Ulaya wa wakati ule ni kichwa, miguu na ngozi. Mikanda na bunduki havitofautiani sana. Ndiyo maana pakiti za wanajeshi wa plastiki wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa milimita 28 kutoka unyayo hadi machoni, zinatufaa sisi tunaocheza michezo ya vita mezani huku Lindi, mradi uwe tayari kukata.

Naanza na kichwa. Kofia ya chuma naiondoa kwa wembe mpaka kwenye paji, napiga msasa, kisha nakanda epoksi ile ya mafundi bomba. Naiacha ianze kukaza ndipo nachonga tarbushi. Askari wa Wajerumani alivaa tarbushi iliyofunikwa kitambaa cha kaki, yenye tai wa chuma mbele na kitambaa cha kukinga kisogo. Kitambaa hicho usikichonge kwa epoksi, kitakuwa kinene mno. Chukua tishu, iloweke kwenye gundi ya mbao iliyochanganywa na maji, ilaze shingoni, na mikunjo uivute kwa ncha ya sindano kabla haijakauka. Kwa King's African Rifles, kikosi cha askari wa Kiafrika wa Waingereza, suruali naikata magotini iwe kaptula, na wengi nawavua buti kabisa. Vidole vya miguu havihitaji kuchongwa vyote. Mikwaruzo mitatu ya wembe inatosha, jicho litajaza lililobaki.

Kaki ndiyo inayowaponza wengi, kwa sababu hupaka kikosi kizima rangi moja ya kopo moja. Kufikia Oktoba 1917 jeshi la von Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani, lilikuwa limekaa miaka mitatu bila njia ya uhakika ya kupata vitu kutoka Ujerumani. Meli ya Marie ilifanikiwa kupenya hadi ghuba ya Sudi mwezi Machi 1916 ikiwa na silaha, risasi na vifaa vingine, lakini baada ya hapo watu walivaa walichokipata: nguo zilizofumwa hapa hapa na kutiwa rangi ya mimea, nguo za mateka, viraka. Kwa hiyo nachanganya kaki tatu au nne, moja ya kijani kidogo, moja ya manjano, moja iliyopauka karibu na nyeupe, na hakuna askari wawili waliosimama pamoja wenye rangi ileile. Magotini na mgongoni napitisha brashi kavu yenye rangi hafifu zaidi, maana huko ndiko nguo huchakaa kwanza.

Kwenye ngozi ndipo ninapokaa muda mrefu kuliko popote, na sioni sababu ya kuharakisha. Maelekezo mengi ya kupaka sanamu hizi yameandikwa kwa ajili ya ngozi nyeupe, na ukiyafuata utaongeza nyeupe kila unapotaka mwanga. Uso utatoka wa kijivu, kama ngozi iliyopauka isiyopakwa mafuta. Mimi naanza na kahawia nzito niliyoitia nyekundu na tone la buluu. Mwanga wa kwanza ni kahawia ileile iliyoongezwa rangi ya udongo mwekundu. Wa pili unaongezwa chungwa kidogo. Ngozi nyeusi hung'aa, kwa hiyo mwanga wa mwisho uwe mdogo na mkali: ncha ya pua, mfupa wa shavu, paji la uso, basi. Viganja na nyayo ni vyepesi zaidi. Macho usiyatie nyeupe tupu, tumia rangi ya pembe. Tena ubadilishe kahawia ya msingi kila baada ya watu wachache, kwa sababu katika majeshi yale walikuwamo Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wasudani, na ng'ambo ya mstari, kwa Waingereza, askari wa Nigeria. Hawa walikuwa watu, kila mmoja na sura yake.

Jambo moja kuhusu hali ya hewa yetu: praima ya kupuliza, yaani rangi ya chini ya kwanza, usiitumie hewa ikiwa na unyevu mwingi, itakauka na chengachenga. Subiri saa nne asubuhi, jua likishakausha hewa.

Sasa wapagazi. Meza ya Mahiwa isiyo na wapagazi kwangu haijakamilika. Lettow-Vorbeck alipovuka Ruvuma mwishoni mwa Novemba 1917 alikuwa na askari wapatao 1,700 na wapagazi wapatao 3,000. Upande wa Waingereza nao, wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu katika vita nzima, wengi kwa maradhi na njaa. Katika pakiti zangu hamna hata mmoja, kwa hiyo nawatengeneza. Mkono unakatwa begani na kugeuzwa juu kwa waya mwembamba. Sanduku ni kipande cha mbao. Kati ya sanduku na kichwa naweka ngata ya uzi uliosokotwa. Kiunoni ni merikani iliyofifia au kaniki. Nyuma yao naweka wanawake na watoto, kwa kuwa familia za askari zilisafiri na msafara.

Ardhi naitengeneza kwa mchanga wa hapa na nyuzi za mkonge zilizokatwa fupi, ambazo hazihitaji rangi ili ziwe nyasi za Oktoba. Moshi wa bunduki za Kijerumani za modeli ya 71 (ya mwaka 1871), zilizotumia baruti ya zamani yenye moshi mwingi, ni usufi uliogusishwa kijivu. Mwenye bunduki hizo katika mchezo wetu hawezi kujificha: akipiga tu, usufi unawekwa na adui anamwona.

Sheria ya risasi inategemea wapagazi. Kila bunduki ya rashasha ya Maxim ina wapagazi wake, na wakitawanyika inapiga zamu mbili tu kisha inanyamaza. Mjerumani hushinda kwa kushikilia mstari wake, kama ilivyokuwa Mahiwa, ambako watu wapatao 1,500 walisimamisha Waingereza wapatao 5,000. Lakini kila zamu anayopiga anafuta risasi kwenye karatasi yake, na zile za kisasa, zisizotoa moshi, zikiisha analazimika kuondoka mezani, hata kama uwanja wote ni wake.