Ibara ya 13 ya Katiba yetu peke yake haitoshi kulinda usawa

Wananchi wengi wanaofika ofisini kwangu kuuliza kuhusu haki zao huifahamu ibara ya 12 ya Katiba ya Tanzania ya mwaka 1977, isemayo kwamba binadamu wote huzaliwa huru, na wote ni sawa. Sisi mawakili hutegemea zaidi ibara ya 13, kwa kuwa ndiyo inayokataza sheria yoyote kuweka sharti la kibaguzi na kutaja misingi ya ubaguzi unaokatazwa, kama vile kabila, rangi, dini na hali ya maisha ya mtu.

Jinsia iliongezwa kwenye orodha hiyo katika mabadiliko ya mwaka 2000. Hata hivyo, miaka kumi kabla ya hapo, Jaji Mwalusanya wa Mahakama Kuu, Mwanza, alikuwa amekwishaamua kwamba mila ya Kihaya iliyomzuia mwanamke kuuza shamba la ukoo alilorithi inakiuka Katiba. Kwa maoni yangu, hukumu ile ilikuwa ya kijasiri kuliko maandishi aliyokuwa nayo mezani.

Nguvu ya ibara ya 13, hata hivyo, imo katika ibara ya 30, inayofungua njia ya kwenda Mahakama Kuu. Kwa njia hiyo Rebeca Gyumi, mwanaharakati wa haki za wasichana, alipinga vifungu vya 13 na 17 vya Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, vilivyoruhusu msichana kuolewa akiwa na miaka 15, au hata 14 kwa idhini ya mahakama, ilhali mvulana alitakiwa kufikisha 18. Alishinda mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha ushindi huo mwaka 2019. Lakini ibara hiyohiyo ya 30 inairuhusu mahakama kuipa Serikali muda wa kurekebisha sheria badala ya kuifuta papo hapo, na katika shauri hili muda uliotolewa ulikuwa mwaka mmoja.

Kilichonitia wasiwasi zaidi ni marekebisho ya mwaka 2020 ya sheria inayosimamia ufunguaji wa mashauri hayo, yaliyomtaka mwombaji aeleze kwa kiapo jinsi ukiukwaji ulivyomgusa yeye binafsi, ingawa ibara ya 26(2) inampa kila mtu haki ya kuchukua hatua za kisheria kuihifadhi Katiba. Kwa sharti hilo, mtu mzima anayemtetea binti wa miaka 14 angekwama kabla hoja yake ya usawa haijasikilizwa.