Mwezi gani mzuri kwenda mbugani? Yanayosemwa Dar na yalivyo kweli

Likizo za shule zikikaribia, swali ni lile lile, iwe ofisini Posta au kwenye kundi la WhatsApp la wazazi: mbugani twende mwezi gani? Na jibu nalo halibadiliki: Juni mpaka Oktoba, miezi mingine ni kupoteza hela. Jibu hilo lina ukweli ndani yake, lakini ni nusu. Limeenea kwa sababu linamfaa mgeni anayetoka Ulaya na wiki zake mbili za likizo, asiyejua kama atarudi tena. Sisi wa Dar tuko hapa mwaka mzima. Chagua kwanza hifadhi na unachotaka kukiona, halafu ndipo utafute mwezi.

Dhana: Nje ya Juni hadi Oktoba huoni kitu

Kiangazi kina sifa zake za haki. Madimbwi ya porini yakikauka, wanyama hawana budi kurudi kwenye mito na chemchemi chache zilizobaki, na majani yakishalala au kuungua, jicho linafika mbali. Kwa hifadhi za Tarangire, Katavi, Ruaha na Nyerere kanuni hii haina ubishi. Tarangire wakati wa mvua, tembo na nyumbu wengi hutoka nje ya hifadhi, hasa kuelekea nyanda za Simanjiro; kiangazi wanarudi wote kwenye ule mto mmoja.

Ruaha mwezi Oktoba ni jambo la kushuhudia. Mto Ruaha Mkuu, ambao tangu miaka ya 1990 umekuwa ukikatika maji kiangazi kwa sababu ya matumizi makubwa ya maji huko juu Usangu, unabaki na vidimbwi hapa na pale. Kwenye mito ya mchanga tembo huchimba wenyewe. Anasimama, anakwangua kwa mguu wa mbele, anatoa mchanga kwa mkonga taratibu, kisha anasubiri maji yajikusanye chini ya shimo. Anakunywa ya juu, yaliyo safi. Nyuma yake nyani na swala wamekaa wanasubiri zamu, kwa sababu akiondoka shimo ni lao. Ukikaa na gari limezimwa utaona yote hayo mahali pamoja, bila kuzunguka.

Lakini kanuni hiyo usiibebe mpaka kreta ya Ngorongoro. Mle ndani kuna maji mwaka mzima, chemchemi ya Ngoitokitok na mto Munge vikiwemo, na wanyama wengi hawana sababu ya kupanda ukuta wa mita 600 kwenda kutafuta kingine. Simba, nyati na pundamilia wa kreta utawakuta Februari kama utakavyowakuta Agosti. Na Serengeti kusini kanuni inageuka kabisa: kiangazi ndipo panapobaki patupu.

Dhana: Nyumbu wanahama mwezi Agosti

Hii ndiyo inayoniuma zaidi, maana inawakosesha watu wetu tukio ambalo naliona ni kubwa kuliko lile la mamba mtoni. Watu wanasema Agosti ni mwezi wa nyumbu kuvuka mto Mara wenye mamba, basi. Nyumbu, zaidi ya milioni moja, hawana mwezi wa kuhama. Wanatembea mwaka mzima kufuata mvua na majani, na sehemu kubwa ya mwaka huo wako Tanzania.

Mzunguko wenyewe unakwenda hivi. Kuanzia Desemba hivi mpaka Machi au Aprili wako nyanda za kusini mwa Serengeti, Ndutu na jirani zake. Mvua zikikoma wanapanda kuelekea magharibi, na kati ya Mei na Juni makundi mengi yako ukanda wa mto Grumeti. Julai wanaanza kufika kaskazini, Kogatende, na mpaka Oktoba wanavuka mto Mara kwenda Kenya na kurudi, wengine mara kadhaa. Novemba vuli ikianza, wanashuka tena kusini. Tarehe kamili haipo. Mvua ikichelewa nao wanachelewa, na mtu anayekuahidi siku ya kuvuka mto anakuuzia asichokuwa nacho. Kogatende watu hukaa ukingoni tangu asubuhi, kundi limejaa ng'ambo, halafu linageuka na kuondoka bila hata mmoja kugusa maji.

Kwa nini wanarudi kusini kila mwaka? Udongo wa kule umetokana na majivu ya volkano za nyanda za juu za Ngorongoro. Majani yake ni mafupi lakini yana kalsiamu na fosforasi nyingi, na jike mwenye mimba au anayenyonyesha anayahitaji. Tatizo ni kwamba hakuna mto wa kudumu, kwa hiyo nyumbu hukaa pale kwa kadiri mvua zinavyowaruhusu.

Na pale ndipo wanapozaa. Ndama wengi huzaliwa ndani ya wiki mbili tatu, kilele kikiwa Februari mara nyingi. Mama analala, anasimama, analala tena. Ndama anaanguka kwenye majani akiwa bado na utando, anajaribu kusimama, magoti yanagoma, anaanguka, na ndani ya dakika chache yuko juu anatafuta titi. Siku hiyo hiyo anakimbia na kundi. Fisi, simba na duma wako pembeni nao wanakula, ila ndama ni wengi kwa wakati mmoja kuliko wanavyoweza kuwamaliza, na kuzaa kwa pamoja namna hiyo ndiyo kinga yao. Uwanda ni wazi, majani ni mafupi, unaona mpaka upeo wa macho. Mwenye nafasi ya safari moja tu ya Serengeti, mimi ningemwambia Februari kabla sijamtajia Agosti.

Dhana: Mvua ikinyesha Dar, inanyesha nchi nzima

Pwani na kaskazini tuna misimu miwili: vuli, kama Oktoba hadi Desemba, na masika, Machi hadi Mei. Kusini, magharibi na katikati ya nchi ni msimu mmoja mrefu, Novemba hadi Aprili. Ndiyo maana Januari jua linawaka Kariakoo huku Ruaha na Katavi zikiloa. Na ndani ya misimu hiyo miaka haifanani: mwisho wa 2023 vuli ilikuja na El Niño, na Aprili 2024 Rufiji ikafurika. Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa mwelekeo wa vuli na wa masika kabla ya kila msimu. Usome kabla ya kulipa, usiangalie mawingu ya Mbagala.

Dhana: Masika hakuna safari kabisa

Hapa lazima tutenganishe. Nyerere mwezi Aprili, usiende. Ule udongo mweusi wa mfinyanzi ukilowa unaganda kwenye tairi mpaka linateleza tu, gari linakaa kwa tumbo, na kambi nyingi za kando ya Rufiji hufungwa zenyewe kusubiri maji yashuke. Saadani nayo njia zake huharibika.

Lakini Aprili ina sikukuu zake, Pasaka mara nyingi na Muungano tarehe 26, na watu wanataka kutoka. Mikumi inabaki wazi, na lami ya barabara kuu inapita katikati ya hifadhi. Tangu 2024 unaweza kupanda treni ya SGR mpaka Morogoro kwa takribani saa mbili, ukabakiza kama kilomita 100 za gari. Baadhi ya njia za ndani zitakuwa zimefungwa, na majani yatakuwa marefu kiasi cha kumficha simba aliyelala mita tano kutoka barabarani. Huo ndio ukweli wake. Faida ni kijani, ndege wengi, na vyumba ambavyo watu wa utalii wanaviuza kwa bei ya lo sizoni, yaani msimu wa wageni wachache. Kwa anayependa maua, hifadhi ya Kitulo kule Njombe inachanua wakati wa mvua, kati ya Desemba na Aprili. Ukienda Agosti utakuta majani tu.

Dhana: Mbugani ni joto, nguo nyepesi zinatosha

Kipupwe cha Dar kisikudanganye. Ukingo wa Ngorongoro uko zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, na Julai asubuhi ukungu unafunika barabara na vidole vinakufa ganzi kwenye gari lililofunguliwa paa. Watoto wabebewe sweta nzito na kofia. Nguo za bluu iliyoiva na nyeusi ziache nyumbani kwa sababu ya mbung'o wanaovutiwa na rangi hizo, mwezi wowote.

Dhana: Ukishapata mwezi sahihi, umemaliza

Saa nazo zina uzito wake. Familia inatoka Dar saa moja asubuhi, inafika getini Mikumi mchana wa saa saba, jua la utosini, wanyama wamejificha kivulini, kisha inarudi inalalamika kwamba hifadhi haina kitu. Lala karibu, uwe getini saa kumi na mbili asubuhi. Asubuhi moja ya namna hiyo mwezi wa Novemba inashinda mchana mzima wa Agosti.

Dhana: Likizo ya Desemba ni ya pwani tu

Likizo ya Juni inaangukia vizuri mwanzo wa kiangazi, hiyo haina shida. Ya Desemba ndiyo watu wanaikatia tamaa. Kusini na Ruaha mvua zimeanza, ni kweli, lakini kaskazini vuli inaelekea kwisha na makundi ya nyumbu yanajikusanya kuelekea Ndutu. Mvua huko mara nyingi ni ya mchana, inapiga kwa nguvu na kupita. Kinachokwamisha ni nafasi: kuanzia Krismasi hadi Mwaka Mpya ni hai sizoni, msimu wa wageni wengi, vyumba vinajaa na bei inapanda, kwa hiyo weka nafasi mapema au nenda mwanzo wa likizo, mara tu shule zinapofungwa. Wasio na watoto wa shule wasubiri katikati ya Januari: msongamano wa sikukuu umepungua, na nyumbu wako njiani kuzaa.