Je, mwanasiasa wa Uingereza huvunja sheria akijiunga na klabu ya wanaume pekee?

Katika makundi ya WhatsApp huzunguka ujumbe usio na tarehe, unaodai kwamba klabu binafsi za wanaume pekee ni haramu nchini Uingereza na kwamba mbunge aliye mwanachama wake hupoteza kiti mara moja. Si kweli.

Sheria ya Usawa ya mwaka 2010, katika Jedwali la 16, inaruhusu klabu kupokea wanachama wa jinsia moja tu, ziwe za wanaume au za wanawake. Inachokataza ni klabu iliyokwisha kupokea wote kuwapa wanawake hadhi ya chini, kwa mfano kuwanyima kura au kuwafungia baadhi ya vyumba. Anayesoma nusu hiyo ya pili peke yake ni rahisi kupotoka.

Mkanganyiko huchochewa pia na wanasiasa wanaojitoa katika klabu hizo baada ya kulaumiwa hadharani, watu wakadhani sheria imewalazimisha, ilhali ni shinikizo la kisiasa, ambalo kwa maoni yangu lina uzito wake. Kiti hupotea kwa sababu nyingine, kama vile kifungo kinachozidi mwaka mmoja.

Sheria hiyo imewekwa wazi mtandaoni na serikali ya nchi hiyo, bila malipo. Ukitumiwa ujumbe huo, tafadhali usiusambaze. Mwombe aliyeutuma akuonyeshe kifungu anachokitegemea.